KAZI YA KUPIGILIA FARASI VIATU: MIAKA MINNE CHINI YA FUNDI



Watu wengi waonapo farasi akipita hutazama shingo yake, manyoya yake na mwendo wake. Ni wachache watazamao miguu yake. Lakini mtu ajuaye farasi huanza kutazama chini, kwa maana mnyama huyu, hata awe na nguvu namna gani, hafai kwa kazi yo yote ikiwa kwato zake ni mbovu. Farasi mkubwa wa kupandwa huwa na uzito wa kilo 500 hivi, na uzito huo wote husimama juu ya kwato nne tu, kila moja ikiwa na upana wa sahani ndogo ya kikombe cha chai.

Kwa sababu hiyo, katika nchi ya Uingereza, ambako farasi wangali wengi mashambani, katika viwanja vya mbio na katika vikosi vya askari wapanda farasi, kazi ya kupigilia farasi viatu vya chuma si kazi ya mtu ye yote aipendaye. Ni kazi iliyowekewa sheria, na kijana atakaye kuifanya hana budi kujifunza kwa muda wa miaka minne hivi, mkononi mwa fundi aliyekubaliwa kufundisha. Mazungumzo haya yahusu sababu ya sheria hiyo, njia anayoipita kijana huyo, na jambo moja ambalo miaka hiyo minne yapasa kumfundisha kuliko mengine yote.

UKWATO NA MSUMARI

Yafaa kwanza ijulikane ukwato ni kitu gani. Ukwato wa farasi ni kama ukucha wa mtu, ila ni mnene na mgumu zaidi. Hukua milimita 6 hadi 10 hivi kila mwezi, na sehemu ya mbele huchukua karibu mwaka mzima kukua kutoka juu penye manyoya hata chini penye ardhi. Farasi aliye huru malishoni huusaga ukwato wake mwenyewe kwa kutembea. Lakini farasi afanyaye kazi juu ya barabara ngumu huusaga upesi kuliko unavyokua, na ndiyo sababu watu walimvika chuma.

Walakini, akiisha kuvikwa chuma, jambo jingine hutokea. Ukwato hausagiki tena, bali waendelea kukua juu ya kiatu, mguu ukarefuka na kupoteza mizani yake. Kwa hiyo hapana budi viatu ving'olewe kila baada ya majuma sita hivi, ukwato ukatwe na kusawazishwa kwa tupa, kisha viatu vipigiliwe upya. Hii si kazi ya mara moja, bali ni kazi ya kurudia maisha yote ya mnyama.

Sehemu ya nje ya ukwato haina damu wala maumivu. Fundi aweza kuikata, kuipiga tupa, na hata kuibandika chuma chenye moto mpaka moshi mwingi ukatoka, na farasi husimama kimya kama hakufanywa neno. Lakini ndani ya ukuta huo imo nyama hai, yenye damu na mishipa ya fahamu, na ndani ya nyama hiyo umo mfupa. Fundi akiugeuza mguu na kuusafisha, huona mstari mwembamba mweupe mahali ambapo wayo wakutana na ukuta. Msumari hauna budi kupita upande wa nje wa mstari huo. Ukipita ndani yake, umeuingia mwili wa mnyama.

Na ukuta wenyewe una unene gani? Mbele hauzidi sana upana wa kidole cha mwisho cha mtu, na kuelekea nyuma huwa mwembamba zaidi. Katika nafasi hiyo ndogo fundi hupigilia misumari sita hadi minane kwa kila mguu. Basi kwa farasi mmoja tu hupigilia misumari isiyopungua 24, na kila mmoja waweza kukosea njia.

Hata msumari wenyewe una upande wake. Ncha yake imechongwa upande mmoja, ili upigwapo upindie nje na kutokea katika ukuta juu kidogo ya kiatu. Mtu asiyejua akiugeuza msumari huo, utapindia ndani badala ya nje, nao utakwenda moja kwa moja kwenye nyama. Kwa macho ya mpita njia kazi hizo mbili zafanana: nyundo ni ile ile na kiatu ni kile kile. Tofauti yaonekana kwa farasi.

Farasi aliyechomwa huenda akachechemea siku ile ile. Lakini mara nyingine huonekana mzima kwa siku kadha wa kadha, kisha usaha hukusanyika ndani ya ukwato, mahali pasipo na nafasi ya kuvimba, na maumivu yake huwa makali sana hata mnyama hataki kuukanyagia mguu chini. Tena liko tundu lililoingiwa na uchafu, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa upesi zaidi na ugonjwa wa pepopunda. Mnyama asiyechanjwa aweza kufa kwa ajili ya msumari mmoja.

ASILI YA SHERIA

Malalamiko juu ya mafundi wasiojua kazi hii ni ya zamani sana. Katika mwaka wa 1356 Meya wa mji wa London aliwaita mbele yake mafundi wote wa viatu vya farasi mjini, kwa kuwa madhara mengi yalikuwa yametendwa na watu waliofungua viwanda na kuishika kazi wasiyoielewa. Mafundi hao wakapewa chama chao na wasimamizi wao. Baadaye, katika mwaka wa 1674, Mfalme Charles wa Pili alikipa chama hicho hati ya kifalme. Chama hicho kingaliko, na ndicho kitoacho shahada za kazi hii.

Hata hivyo chama hakikuweza kumzuia kila mtu. Mwaka wa 1890 kilianzisha mitihani na daftari ya kuandika majina ya waliofaulu, ili mwenye farasi aweze kumchagua mtu mwenye ushahidi wa ujuzi wake. Lakini hilo lilikuwa jambo la hiari. Mwenye kutaka kazi ya bei nafuu aliweza kumwita mtu asiyekuwamo katika daftari, na aliyeilipa gharama ya kosa alikuwa ni farasi.

Mwisho Bunge la Uingereza lilitunga sheria katika mwaka wa 1975. Sheria hiyo yasema wazi kwamba kusudi lake ni kuzuia mateso na ukatili kwa farasi yatokanayo na kuvikwa viatu na watu wasio na ustadi. Baraza maalum liliwekwa kuangalia daftari ya mafundi, na mtu asiyeandikwa humo akipigilia farasi kiatu amevunja sheria. Waliotolewa katika katazo hilo ni wachache: waganga wa wanyama na wanafunzi wao, wanagenzi walio chini ya mafundi waliokubaliwa, na mtu atoaye msaada wa kwanza wakati wa dharura. Hata mwenye farasi hana ruhusa ya kumpigilia farasi wake mwenyewe. 

Huenda mtu akauliza, Je, si jambo gumu kumkataza mtu asiiguse mali yake? Jibu ni kwamba farasi ni mali, lakini ni mali yenye kusikia maumivu. Mtu akishona nguo yake vibaya, yeye ndiye ataivaa. Akimpigilia farasi wake vibaya, hatachechemea yeye.

NJIA YA MWANAGENZI

Sasa na atazamwe kijana wa Kiingereza, mvulana au msichana, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, atakaye kazi hii. Yatakiwa awe amefaulu masomo ya lugha na hesabu kwa kiasi kinachotakiwa, na awe na mwili wenye afya, kwa maana atashinda siku nzima ameinama. Wengi huanza kwa kwenda chuoni kwa muda kujifunza kufua chuma, ili ionekane kama mikono yao yafaa. Kisha hapana budi ampate fundi mwenye idhini ya kufundisha, na hapo ndipo wengi hukwama, kwani mafundi wa namna hiyo hawatoshi kwa vijana wote waombao.

Akiisha kupatana na fundi, muda wa miaka minne hivi waanza. Sehemu kubwa ya muda huo hukaa na fundi wake. Mara kwa mara huenda kwa majuma machache katika chuo, kama kile cha Hereford karibu na mpaka wa Wales, au cha Myerscough katika jimbo la Lancashire. Huko hujifunza mifupa na kano za mguu, magonjwa ya ukwato, namna ya chuma, na hesabu za kazi. Hulipwa ujira, lakini ni mdogo, na asiye na subira huona marafiki zake wakipata zaidi katika maduka na viwanda.

Mwanzoni hapewi nyundo. Hufagia, huleta zana, hushika kamba ya farasi na kujifunza tabia zake. Mnyama wa kilo 500 hashikwi kwa nguvu. Hushikwa kwa utulivu. Kijana hujifunza kumkaribia kwa upande, kusema naye, kumpapasa bega na kushuka mpaka mguuni, ndipo auinue. Mguu wa mbele huushika katikati ya mapaja yake, na wa nyuma huulaza juu ya paja, naye amevaa vazi la ngozi nene mbele ili misumari isimrarue. Farasi akiutoa mguu kwa ghafula, ni lazima ajue kuuachia kwa wakati.

Baadaye hufundishwa kung'oa viatu vya zamani bila kuuvunja ukwato, kisha kuukata na kuusawazisha. Hapo hujifunza kutazama kabla ya kushika. Fundi humwambia mwenye farasi amtembeze mnyama kwenye mahali pa sawa, akienda na kurudi, na humwuliza mwanagenzi ameona nini. Mguu gani wakanyaga upande mmoja kwanza? Kiatu cha zamani kimelika wapi? Kwato za mbele ni za mviringo zaidi, na za nyuma zimechongoka zaidi. Kiatu hufanywa kwa mguu, wala mguu haukatwi ili utoshe kiatu.

Wakati huo huo ajifunza kazi ya mhunzi. Hutia kipande cha chuma motoni, huvuta kwa koleo, hukipinda juu ya fuawe, hutoboa matundu ya misumari, naye hana budi kukimaliza kabla chuma hakijapoa. Viatu vya kwanza huwa kama mkufu uliokatika, na fundi huvitupa katika rundo la chuma chakavu. Siku hizi viatu vingi hununuliwa vikiwa tayari, na fundi husafiri na tanuri ndogo ya gesi nyuma ya gari lake kwenda kwa wateja. Lakini mwanagenzi hufundishwa kukifanya kiatu tangu mwanzo, kwa sababu farasi mwenye mguu wenye kasoro hapatiwi kiatu chake dukani.

Kupigilia msumari huja baadaye kabisa. Fundi husimama karibu, naye hasikilizi maneno bali sauti ya nyundo. Msumari uendao katika ukuta mgumu hutoa sauti kali iliyo wazi, na mkono wasikia ugumu wake. Ukiingia mahali laini, sauti hubadilika. Fundi mzee aweza kuwa amegeuka kutazama upande mwingine, akasema, "Simama. Utoe huo." Kijana hushangaa amejuaje.

MSUMARI ULIOKOSEA

Na hapa ndipo lilipo lile jambo moja lililotajwa mwanzoni. Hapana fundi duniani ambaye msumari wake haukukosea hata siku moja. Farasi huruka, inzi humwuma, ukuta huwa mwembamba kuliko ulivyoonekana. Kwa hiyo kosa lenyewe silo limtengalo fundi na asiye fundi. Litengalo ni lile afanyalo baada ya kosa.

Na afikiriwe mwanagenzi wa mwaka wa tatu, siku ya jioni, mvua ikinyesha, na farasi wawili wangali wakingoja. Apiga msumari, na farasi astuka. Sauti haikuwa nzuri. Hapana aliyeona. Akiukata msumari na kuikunja ncha yake, kazi yaonekana safi kama nyingine, mwenye farasi atalipa, nao wataondoka. Farasi hawezi kusema.

Yule aliyefundishwa vema huacha kazi papo hapo. Huutoa msumari na kuutazama. Ukitoka mkavu, huenda uliikaribia nyama tu, nao huachwa tundu lake wazi. Ukitoka na damu, humwita fundi wake, husafisha tundu kwa dawa ya kuua vijidudu, haligongi msumari mwingine mahali pale, kisha mwenye farasi huambiwa waziwazi: mguu gani, tundu gani, amwangalie kwa siku zijazo, na kama mnyama hakuchanjwa kwa ajili ya pepopunda, mganga wa wanyama aitwe bila kukawia. Ni maneno mazito kwa kijana kuyasema mbele ya mtu alipaye. Lakini jeraha lililojulikana saa ile ile kwa kawaida hupona. Jeraha lililofichwa ndilo lifanyalo usaha. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na katika kazi hii afichaye ni mmoja, na afaye ni mwingine.

Hii ndiyo sababu hasa mafunzo haya hayakuachiwa kitabu wala chuo peke yake. Kitabu chaweza kueleza mstari mweupe uko wapi. Chuo chaweza kumpima kijana kama ajua majina ya mifupa. Lakini desturi ya kuutoa msumari hata ikiwa hapana aliyeona hujifunzwa kwa kumwona fundi mwenyewe akifanya hivyo, mara nyingi, katika mvua na jioni, hata ikawa tabia ya mkono. Kadhalika fundi huwajibika kwa kazi ya mwanagenzi wake. Kosa la kijana ni kosa la jina lake. Kwa hiyo hamfundishi kwa hisani tu, bali kwa kujilinda.

MTIHANI NA BAADA YAKE

Mwisho wa muda wake kijana hutahiniwa. Hujibu maswali juu ya mwili wa farasi na magonjwa ya mguu, hufua viatu kwa muda uliopimwa, na humvika farasi hai viatu mbele ya mafundi wengine, ambao huukagua kila msumari. Akifaulu hupata shahada ya chama kile cha mwaka wa 1674, na jina lake huandikwa katika daftari. Ndipo awezapo kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe. Wako waendeleao mbele, kwani chama chatoa daraja mbili za juu zaidi, kwa wale wajifunzao kutengeneza viatu vya kuponya miguu yenye maradhi, wakishirikiana na waganga wa wanyama.

Kazi yenyewe yaliwa na mgongo na magoti, na mafundi wengi huumia kabla ya uzee. Lakini fundi mwema hakosi wateja, kwa kuwa kwato hazingoji. Majuma sita yakipita, huitwa tena.

Katika Kenya farasi si wengi. Wako wale wa mbio katika uwanja wa Ngong, uliofunguliwa mwaka wa 1954, ambao miguu yao yataka uangalizi ule ule. Lakini wako punda wengi, wachukuao maji, mchanga na mizigo, na katika Lamu wapitao katika vichochoro visivyopitika kwa gari. Punda wengi hawavikwi viatu, lakini kwato zao hukua kama za farasi, na zisipoangaliwa hurefuka na kupinda, mnyama akatembea kwa taabu huku mwenyewe akidhani ni mvivu. Mwenye punda na ainue miguu yake mara kwa mara aitazame, na akiona kasoro amwite mtu aliyejifunza, wala asimpe jirani mwenye panga kali tu.

Na kwa vijana wa kazi nyingine zote, useremala, uashi au umeme, ambao hujaribiwa daraja la tatu, la pili na la kwanza kabla ya kupewa cheti, habari hii ina maana yake. Cheti chasema kwamba mtu aliweza kuifanya kazi vizuri siku alipotazamwa. Mwenye nyumba, sawasawa na farasi, hukaa na ile kazi iliyofanywa siku ambayo hapana aliyetazama. Miaka ya uanagenzi yaonekana mirefu kwa kijana, lakini ndiyo impayo ushujaa wa kusema, "Hapa nimekosea, na nitatengeneza," na mtu awezaye kusema hivyo, watu humwachia hata mnyama wampendaye, wakaenda zao bila wasiwasi.